Altaneta Ikifa Juu ya Mkondo wa Mafia

"Kitu kikiharibika huko juu, mnafanyaje?" Hili ndilo swali ninaloulizwa na karibu kila anayejua kazi yangu, kuanzia abiria wa Mafia hadi wanafunzi wapya wa urubani. Wanapouliza nawaona wanangoja kusikia habari ya mikono yenye kasi, rubani anabonyeza hiki na kuvuta kile huku jasho linamtoka. Jibu langu haliwaridhishi. Nawaambia kwamba mara nyingi, katika nusu dakika ya kwanza, kazi kubwa ya rubani ni kutogusa kitu chochote isipokuwa usukani.

Zipo hitilafu zinazodai haraka. Injini ikizima wakati ndege ndiyo kwanza imeacha ardhi, unashusha pua hapo hapo, maana ukichelewa mwendo unakwisha na bawa linaacha kubeba. Moto nao hausubiri mtu. Lakini hizo ni chache. Zilizo nyingi huja kimya: sindano inashuka polepole, redio inaanza kukwaruza, kitaa kimoja kinawaka pembeni ya dashibodi. Hizo ndizo zinazotaka akili iliyotulia, na ndizo zilizowaua watu ambao ndege zao zilikuwa bado zinaruka vizuri kabisa.

Mfano ninaowapa wanafunzi hauhusu hata ndege ndogo. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 401 kutoka New York, ilikuwa inajiandaa kutua Miami. Taa ya kuthibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kujifunga haikuwaka. Wakapanda hadi futi 2,000, wakaelekea juu ya kinamasi cha Everglades, wakaiachia mashine ya kujiendesha ishike kimo ili wao washughulikie ile taa. Nahodha, msaidizi wake, mhandisi wa ndege, pamoja na fundi aliyekuwa amepanda nao chumbani humo, wote mawazo yakahamia kwenye taa. Katikati ya shughuli hiyo mashine ikaacha kushika kimo bila wao kutambua, na ndege ikaanza kuteremka gizani taratibu. Kengele ya kuonya kuhusu kimo ililia, hakuna aliyeishughulikia. Walikufa watu 101. Wachunguzi walikuta gurudumu limeshuka na kujifunga sawasawa. Kilichoharibika kilikuwa balbu.

Kila ninapoisimulia habari hii napata uchungu ule ule, kwa sababu waliokuwa pale mbele walikuwa watu hodari. Ubaya wa hitilafu ndogo ni kwamba inakuita uitazame. Inakupa kitu cha kufanya, na mtu mwenye bidii anapenda kuwa na kitu cha kufanya.

Sasa niseme yaliyonipata mimi.

Nilikuwa natoka Kilindoni, Mafia, kurudi Dar es Salaam na Cessna 206. Watu wa visiwani na wa mbugani wanazijua ndege hizi hata kama hawajui jina: injini moja, mabawa juu ya madirisha, magurudumu yasiyokunjwa, viti sita, mlango mpana wa mizigo ubavuni. Siku hiyo nilikuwa na wafanyabiashara wawili, mmoja ameketi kulia kwangu, na nyuma yao bibi mmoja anayempeleka mjukuu wake kliniki Muhimbili. Ilikuwa saa nne na ushee asubuhi, kaskazi inavuma kwa upole, mawingu machache yamesimama mbali upande wa bara. Tulikuwa futi 6,500. Kisiwa kilikuwa kimebaki nyuma, kushoto kwetu maji ya kahawia ya delta ya Rufiji yanaonekana yakiingia baharini kupitia mikoko, mbele kabisa pwani ya Kisiju. Hapo ndipo taa ya upungufu wa volti ilipowaka. Nikatazama ameta, kipimo cha umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Sindano ilikuwa imelalia upande wa kutoa.

Maana yake ni nyepesi kueleza. Altaneta inazungushwa na injini, inatengeneza umeme, inalisha vifaa vyote na kuichaji betri. Ikifa, vifaa vyote vinaihamia betri. Ni sawa na maji ya bomba kukatika nyumbani ukabaki na simtanki juu ya paa: bomba la jikoni linatoa maji vile vile, hakuna tofauti unayoiona, na mwenye akili anaacha kumwagilia maua saa hiyo hiyo. Betri ya ndege ndogo yenye afya, ukiibana matumizi, inaweza kukupa kama nusu saa ya vifaa vya lazima. Betri iliyochoka haitoi ahadi yoyote.

Nilichofanya kwanza ni kuhakikisha ndege inaruka kama ilivyokuwa inaruka. Kimo kile kile, mwelekeo ule ule, mwendo ule ule, nimeisawazisha kiasi kwamba nikiachia usukani inaendelea yenyewe. Hilo linachukua sekunde chache tu, lakini ndilo msingi wa yote yanayofuata. Baada ya hapo nikajiuliza swali ninalolifundisha kuliko jingine lolote: huyu aliyekufa, ameondoka na nani?

Watu waliozoea magari hudhani umeme ukiisha injini inazima. Gari la petroli litazima kweli, kwa sababu cheche zake zinategemea betri. Injini ya ndege ndogo ina magneto mbili, kila moja ikitengeneza umeme wake kwa sumaku inayozungushwa na injini yenyewe, na kila silinda ina plagi mbili, kila plagi ikilishwa na magneto yake. Unaweza kuitoa betri ukaitupa baharini, injini haitajua. Pampu kuu ya mafuta nayo inaendeshwa na injini. Kipima mwendo na kipima kimo vinatumia shinikizo la hewa tu. Dira haitaki chochote. Chombo cha kuonyesha mlalo wa ndege na kile cha mwelekeo, katika ndege ile, vilikuwa na jairo, yaani magurudumu madogo ya kasi yanayozungushwa na pampu ya kunyonya hewa, na pampu hiyo pia iko kwenye injini.

Walioondoka na altaneta, basi, ni hawa: redio zote mbili, transponda inayotutambulisha kwenye rada, taa, intakomu ya kuzungumzia na abiria, kipima kona, jipiesi ya dashibodi, mota ya flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili kutua polepole, na vipima mafuta. Hivyo vya mwisho vinastahili maneno. Umeme ukiisha, sindano za mafuta huanguka zikalala kwenye sifuri. Asiyejiandaa ataamini kwamba tangi linavuja, na kwa kuamini hivyo anaweza kuiteremsha ndege nzima yenye mafuta ya saa tatu kwenye ufukwe au juu ya mikoko. Ndiyo maana tunapima mafuta kwa kijiti kabla ya kuondoka, tukiwa tumepanda juu ya bawa, kisha tukayahesabu kwa saa ya mkononi. Mafuta niliyoyapima kwa kijiti Kilindoni ndiyo niliyokuwa nayo, sindano iseme itakavyo.

Nikafungua orodha ya ukaguzi, nikasoma. Sikuifanya kwa kichwa ingawa naijua, kwa sababu kichwa kikiwa na mzigo kinaruka mistari. Fyuzi ya altaneta ilikuwa mahali pake, haijaruka. Ingekuwa imeruka ningeirudisha mara moja tu, si mara ya pili, maana fyuzi inayoruka tena ina sababu ya kuruka, na sababu hiyo inaweza kuwa waya unaoungua nyuma ya dashibodi. Swichi kuu ina nusu mbili, ya betri na ya altaneta. Nikazima nusu ya altaneta, nikasubiri, nikawasha. Taa ikabaki vile vile. Nikaizima nikaiacha. Hapo kazi ya kujaribu kuifufua ilikwisha, na sikuigusa tena hadi tulipotua. Naona marubani wengi wanapotea hapa. Wanaendelea kuchokonoa swichi kwa robo saa, betri inaisha, kisha wanagundua kwamba hawajamwambia mtu yeyote.

Kusema kunakula umeme mwingi kuliko kusikiliza. Redio inapopokea inatumia kidogo sana, ukibonyeza kitufe ukazungumza inanyonya betri kwa nguvu. Kwa hiyo unasema mapema, unasema yote kwa mara moja, kisha unanyamaza. Nikamwita muongoza ndege wa Dar es Salaam, nikaanza na PAN PAN mara tatu, nikampa jina la ndege, mahali, kimo, idadi ya watu, saa za mafuta. Nikamwambia altaneta imekufa, ninatumia betri, ninazima karibu kila kitu, redio inaweza kupotea wakati wowote, nakuja kutua bila flapu, naomba mnara uwe tayari na taa. Akarudia yote bila kukosea hata neno, akaniambia barabara ya kutulia inayotumika ni 05, niingie upande wa kulia, na endapo atanipoteza niendelee hivyo hivyo nitazame mnara. Sauti yake ilikuwa tulivu, na naomba niwashukuru hapa watu wa kazi hiyo, kwa sababu sisi tukifika salama tunapewa pongezi na wao wamebaki ndani ya vioo vyao wakipanga ndege nyingine zote zipishe.

Wapo wenzangu wanaoona haya kutamka PAN PAN. Wanaogopa fomu za kujaza, wanaogopa kuitwa ofisini, wanaogopa kuonekana wamebabaika. Jambo hili linanisumbua kweli. PAN PAN haisemi kwamba unakufa. Kwa hilo kuna MAYDAY. PAN PAN inasema nina shida ya haraka, nipisheni, nisikilizeni. Ukiitamka ukiwa bado na sauti, mnara una dakika ishirini za kupanga. Ukingoja hadi redio inakufa, unaingia kwenye anga la uwanja mkubwa kama mtu asiyejulikana, huku ndege kubwa zinashuka kutoka pande zote. Fomu zinajazwa ukiwa umekaa kwenye kiti.

Kuhusu kurudi Kilindoni au kuendelea, nilipima hivi. Mafia ilikuwa karibu zaidi. Lakini hali ya hewa ya mbele ilikuwa wazi hadi macho yanapofika, ilikuwa asubuhi, na pwani ya kufuata iko wazi hata kwa mtu asiye na ramani. Dar ina barabara ya zaidi ya kilomita nne, ambayo ndege inayotua bila flapu inaitumia bila shida, na ina mafundi. Ningeigeuza ndege pale pale kama ingekuwa saa kumi na moja jioni, kwa sababu katika latitudo zetu jua likizama giza haliji kwa hatua, linaingia. Ndege isiyo na taa, isiyo na redio, usiku, juu ya jiji, si mahali pa kujipeleka. Ningegeuka vile vile kama lingekuwepo wingu la masika limekaa Kimbiji. Hitilafu ni ile ile, uamuzi unabadilika kwa saa na kwa wingu.

Kabla sijaizima intakomu nilizungumza na abiria. Nilisema: "Ndugu zangu, na wewe bibi yangu, mtambo wa kutengenezea umeme wa ndege umeharibika. Injini haitumii umeme huo, mnaisikia inavyounguruma. Nitazima redio na hivi vifaa vya masikioni, kwa hiyo sitawasikia na ninyi hamtanisikia mpaka nigeuke. Tunakwenda kutua Dar kama ilivyopangwa, ila tutatua kwa mwendo mkubwa kidogo kuliko mlivyozoea."

Bibi akauliza, "Mwanangu, na hilo pangaboi la mbele?"

"Linazungushwa na injini, bibi. Halihusiki."

"Haya. Wewe endesha, sisi tutaomba."

Naamini kabisa katika kuwaambia abiria ukweli, na kuwaambia kabla hawajajionea wenyewe. Mtu aliyeketi kulia anaiona taa nyekundu sawasawa na mimi. Anaziona sindano za mafuta zinaanguka. Ukinyamaza, atajitungia habari yake mwenyewe, na habari anayojitungia mtu aliye juu ya bahari haiwi njema. Abiria aliyeelezwa anatulia, na ndani ya chumba kidogo namna ile utulivu wake unakusaidia.

Nikazima vyote. Nikabaki na sauti ya injini, dira, saa ya mkononi na mstari mweupe wa mawimbi ya pwani. Niliwasha redio moja nilipoikaribia Kigamboni, nikasikia nusu ya sentensi, kisha mkwaruzo, kisha kimya. Transponda nilikuwa nimeiweka kwenye 7600, namba ya kueleza kwamba redio imepotea, nikaiwasha nayo kidogo ili waione kwenye rada kabla betri haijaisha. Nikapita Mbagala, nikaenda sambamba na barabara, nikageukia upande wa Gongo la Mboto. Mnara ulinionyesha taa ya kijani isiyopepesa, ambayo kwa ndege iliyo angani ni ruhusa ya kutua. Nikayumbisha mabawa kuonyesha nimeiona. Ingekuwa nyekundu isiyopepesa ningempisha mwenzangu na kuendelea kuzunguka, nyekundu inayopepesa ningejua uwanja si salama. Ishara hizi tunazikariri kwa ajili ya mtihani tukiwa vijana, na wengi hawazioni tena maisha yao yote. Ningependa kila mwanafunzi apelekwe angalau mara moja kuiona taa ile ikimulikwa kutoka mnarani mchana wa jua kali, ajue ni ndogo kiasi gani na atazame wapi.

Bila flapu pua inakaa juu zaidi, mwendo wa kukaribia unakuwa mkubwa, na ndege inaelea kabla ya kukubali kugusa. Unaiacha ielee. Barabara ndefu ndiyo sababu tuliyoijia.

Sasa, altaneta ni hitilafu ya upole. Inakupa taa, inakupa muda. Ninayoiogopa zaidi ni pampu ya kunyonya hewa kufa ukiwa ndani ya wingu. Pampu nyingi za aina hiyo zina vipande vya kaboni ndani yake, vinasagika kidogo kidogo kisha siku moja vinavunjika bila dalili. Jairo haisimami palepale. Inapungua mzunguko kwa dakika kadhaa, na chombo cha kuonyesha mlalo kinaanza kuinama taratibu, kwa adabu, kana kwamba ndege ndiyo inayoinama. Rubani anakirekebisha, na kwa kukirekebisha anaipeleka ndege kwenye kona ya kweli. Masikio hayamsaidii, kwa sababu kona inayoanza polepole mwili wa binadamu hauihisi.

Tarehe 16 Oktoba 2000 gavana wa jimbo la Missouri nchini Marekani, Mel Carnahan, alikufa pamoja na mwanawe na msaidizi wake katika Cessna 335, ndege ndogo ya injini mbili iliyokuwa ikirushwa na mwanawe huyo. Ilikuwa usiku, hali ya hewa mbaya. Chombo kikuu cha mlalo, cha upande wa rubani, kilikuwa na hitilafu, na rubani huyo akawa anajaribu kurusha kwa kutazama kile cha upande wa pili. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza hisia ya juu na chini, huku chombo kile kibovu na hali ya hewa vikichangia. Ukiisoma habari hiyo ukiwa rubani unaielewa kwa mwili mzima: shingo imegeuzwa kulia, ndege inarushwa na mikono, wingu pande zote, misukosuko.

Waliobuni dashibodi zetu za zamani walilifikiria hili. Chombo cha mlalo wakakipa hewa, kipima kona wakakipa umeme, kusudi kifo kimoja kisiwachukue wote wawili. Kwa hiyo swali ni lile lile, aliyekufa ameondoka na nani, na jibu lake ndilo linalokuambia umwamini nani. Vyombo vitatu vikisema tunapinda na kimoja kinasema tumenyooka, huyo mmoja ndiye mgonjwa. Unamfunika. Tunatembea na vipande vya karatasi na gundi kwa kazi hiyo, kwa sababu jicho haliwezi kuambiwa lisitazame kitu kinachong'aa katikati ya dashibodi. Kukifunika chombo kibovu ni kazi ya sekunde tatu, na sijaona dawa nyingine inayofanya kazi vizuri kama hiyo.

Pwani yetu ina adui wake mwingine: nyigu wa matope. Mrija wa pito, ule unaotoka chini ya bawa kupokea hewa ya mbele ili kipima mwendo kifanye kazi, kwake ni nyumba iliyokwisha kujengwa. Ndege ikikaa bila kifuniko chake chenye utepe mwekundu, anaweza kuuziba. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa wote. Mrija mmoja wa pito ulikuwa umeziba, na waliodhaniwa ni nyigu wa namna hii. Ndege ilikuwa imekaa chini siku nyingi. Mwaka huo huo, tarehe 2 Oktoba, ndege ya Aeroperú ilianguka katika bahari ya Peru na watu 70, baada ya waoshaji kuacha mkanda wa gundi juu ya vitundu vya kupimia hewa tulivu. Hizo ni ndege kubwa zenye kompyuta. Ndani ya Cessna tunayo njia rahisi zaidi: nguvu fulani ya injini pamoja na pua mahali fulani hutoa mwendo fulani, kila mara. Mwanafunzi wangu lazima azijue namba hizo za ndege yake kabla sijamruhusu kuruka peke yake, na kuna asubuhi ninakifunika kipima mwendo na kumwambia atue. Wengi hutua vizuri kuliko kawaida yao, kwa kuwa hatimaye wanatazama nje.

Na kwa kuwa tunavuka maji kila siku, niseme hesabu moja ambayo abiria wa Unguja hawaijui. Cessna 172 iliyozimika injini huteleza takriban mita tisa mbele kwa kila mita moja inayoshuka, ukiishika kwenye mwendo wake, noti (maili za baharini kwa saa) 65 hivi. Anayevuka kwa futi 3,000 ana kama kilomita nane za kuteleza. Anayevuka kwa futi 9,500 ana kama kilomita 26. Mlango wa bahari kati ya bara na Unguja, mahali pembamba, haufiki kilomita 40, kwa hiyo huyu wa pili, upepo usipompinga sana, akizimikiwa katikati kabisa bado ana nchi kavu ya kufikia mbele au nyuma. Huyu wa kwanza ana jaketi la kuokolea tu, kama amelivaa. Waongoza ndege hawawezi kutupa kimo tunachokitaka kila wakati, ila kuomba kunawezekana, na naomba kila safari.

Turudi kwenye 206 ya Mafia. Baada ya kutua niliandika katika daftari la ndege: saa, kimo, taa iliyowaka, ameta ilisomaje, nilichojaribu, betri ilidumu muda gani. Nasisitiza kuandika. Kuna tabia nimeikuta mahali zaidi ya pamoja, sitataja wapi, rubani anamwambia fundi kwa mdomo kwamba redio inakwaruza au taa inapepesa, fundi anajibu ataitazama, na ndege inaondoka na rubani mwingine asiyejua lolote. Anayeandika anaonekana msumbufu, kwa sababu hitilafu ikishaandikwa lazima mtu aishughulikie na kuweka sahihi, na huenda ndege ikakosa safari ya mchana. Niliwahi kukataa kuirusha ndege kwa sababu ya taa ya volti iliyosemwa tu bila kuandikwa, nikaambiwa wenzangu wanairusha kila siku. Sijutii, na ningekataa tena kesho.

Fundi alifungua kifuniko cha injini jioni ile ile. Altaneta yenyewe ilikuwa nzima. Uliokatika ni waya mwembamba unaopeleka umeme wa kuamsha sumaku yake, umekatikia pale ulipofungwa kwenye skrubu, kwa mtikisiko wa miaka, na mpira wake wa nje ulikuwa umeushikilia kiasi cha kuonekana uko sawa. Tulipofungua kurasa za nyuma za daftari tukakuta rubani mwingine alikwishaandika kwamba taa ile iliwahi kupepesa na kuzima wakati wa kuruka. Chini yake pameandikwa imekaguliwa, iko sawa. Waya huo ukitazamwa kwa macho tu, uko sawa kweli. Lazima uuvute kwa kidole.

Fundi akabadilisha waya na kichwa chake, akaongeza kibanio cha kuuzuia usitikisike. Kisha akachukua tochi, akaenda kwenye 206 nyingine iliyokuwa imeegeshwa pembeni, iliyopangiwa kwenda Songo Songo alfajiri, akafungua kifuniko, akauvuta waya wake kwa kidole. Ukabaki mkononi mwake.